Stara Aliyekataa Dawa ya Bure

Kuna watu wanaoogopa simba, kuna wanaoogopa wachawi. Stara aliogopa kitu cha bure. Ukimpa konzi ya karanga atakuuliza unataka nini. Ukimsaidia kujitwika mtungi, kesho yake asubuhi utakuta mlango wako umefagiliwa mpaka unang'aa, na yeye keshaondoka zake. Watu wa Dodoma, mji ukiwa bado mchanga, reli imefika juzi tu na Wajerumani wanapima viwanja huku wakichapa watu viboko, walimwona ni mwanamke wa maringo. Wakasema anajitia mwungwana. Laiti wangejua walichokuwa wakikisema.

Stara alikuwa mtumwa mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyomharibu.

Mara ya kwanza alitekwa kwao Manyema angali mtoto, akaletwa na misafara mpaka huku Ugogo, akauzwa, akauzwa tena. Hayo yaliwapata wengi, na mwenyewe hakupenda kuyasimulia. Mwisho wake ni kwamba bwana aliyekuwa naye alifia njiani, mali ikatawanyika, na Stara akajikuta hana mwenyewe. Alikuwa huru, lakini ulikuwa mwaka wa njaa na ndui, na uhuru wa mwaka wa njaa hauliwi. Akaanguka kando ya njia karibu na Kilimatinde, mwili mzima malengelenge.

Ndipo akatokea mke wa mfanyabiashara mmoja, jina lake silitaji kwa sababu halistahili. Akamchukua kwake, akamlaza, akamnywesha uji, akamwosha vidonda kwa mkono wake mwenyewe. Stara alimwombea dua asubuhi na jioni. Alipopata nguvu za kusimama akaaga, na yule mwanamke akamtazama kama mtu aliyesikia kichekesho. Akamwuliza, roho hiyo anayotaka kuondoka nayo ni ya nani, kama si ya aliyeiokoa? Wazee wa pale wakaafiki, maana ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile. Stara akafua nguo za nyumba ile miaka kumi na mmoja.

Alijikomboa kwa sabuni. Wajerumani walipoanza kuandika barua za uhuru bomani, alikuwa amefulia wapita njia wote wa barabara ile, mara kwa ruhusa, mara kwa kujiiba, mpaka akaweza kulipa alichodaiwa. Akapewa karatasi yenye mhuri wa tai, akaitia ndani ya kibuyu kidogo, akakiziba kwa nta, akaja Dodoma kuwafulia makarani wa reli. Sasa niambie wewe, mtu wa namna hiyo utamletea habari ya bure akusikilize? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi, ugonjwa wake wa mguu ulianza kwa jambo la kipuuzi. Alikuwa anatoka kuchota maji kule mtoni, ambako mto ni mchanga mtupu na maji lazima uyachimbe, akajikwaa kwenye mataruma ya reli na chuma kikamchuna muundi. Hakujali. Akapaka majivu, akaendelea kufua. Wiki ya pili ukafanya usaha, ya tatu nyama ikaanza kulika, na harufu yenyewe akaifahamu kabla ya majirani. Lilikuwa donda ndugu.

Aende wapi? Daktari wa boma alikuwa wa askari na Wazungu. Daktari wa reli alikuwa wa wenye kipande, ile kadi ya kazi, na Stara hakuwa na kipande. Yeye aliwafulia wenye vipande. Mganga wa Kigogo alitaka mbuzi, tena wa rangi anayoitaja yeye. Na hakuwa peke yake. Mji ulijaa watu wa hali hiyo: wapagazi ambao gari moshi limewanyang'anya mizigo, wajane, wakulima walioshuka kutafuta kodi ya kichwa wakakosa na nauli ya kurudia. Akiugua mmoja wao, dawa yake ilikuwa kujilaza chini na kumngoja Mungu.

Kwa ajili ya watu hao misheni ilijenga nyumba ya dawa karibu na soko. Ilikuwa tembe ya kawaida, udongo chini, udongo juu, yenye benchi moja nje, sanduku la dawa ndani, na mfunga vidonda mmoja. Mkubwa wake alikuwa Bibi mmoja Mzungu aliyekuja kukagua kila baada ya wiki mbili kwa gari moshi. Sheria yake ilikuwa moja tu: hapa hapokelewi mtu kitu, hata yai. Atakayepokea yai, kazi hana.

Mfunga vidonda aliitwa Sostenes, Mgogo wa palepale, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye mikono miepesi na moyo mwema. Kasoro yake ilikuwa ile ya watu waliosoma kidogo: alidhani kabla ya kusoma hakuwa anajua kitu. Baba yake alikuwa mganga mwenye sifa, na maisha yake yote hakuwahi kufungua mkoba kabla mgonjwa hajaweka kitu chini, kuku, jembe, hata ushanga mmoja. Wala haikuwa tamaa. Wagogo walijua, na Waswahili vilevile, kwamba dawa isiyotolewa kitu haishiki, na kwamba mgonjwa aliyepona bila kutoa hubaki mkononi mwa aliyemponya. Sostenes alikua akiyaona hayo kila siku. Akabatizwa, akavaa kanzu nyeupe, akayasahau.

Stara alipofika anachechemea, Sostenes akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akauosha mguu kwa maji ya zambarau, akaunyunyizia unga wa njano unaonuka, akaufunga kitambaa. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima mguu ulipoa. Stara alifumba macho, na nusura alie kwa raha. Kisha akauliza atoe nini. Sostenes akatabasamu kwa fahari, akamwambia hapa ni bure kabisa, mama, nenda ukapumzike, urudi keshokutwa. Masikini Sostenes! Alidhani amempa zawadi, kumbe amemwonyesha kamba.

Kesho yake alipofungua mlango alikuta kitambaa juu ya benchi. Kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa vizuri, kimewekewa jiwe kisipeperushwe na upepo. Stara mwenyewe hakuonekana siku hiyo, wala keshokutwa. Na si yeye tu. Mzee mmoja mfugaji, aliyefungwa jicho lake vizuri juzi yake, kitambaa chake kilikutwa kinaning'inia kwenye miiba njia ya Nkuhungu. Sostenes alikasirika. Akalalamika kwa kila aliyetaka kusikia kwamba watu wa mji huu hawana fadhila, na shukrani ya punda ni mateke. Mganga hajigangi, wanasema. Mtoto wa mganga alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na hakuna aliyemtibu.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja akaja Athuman, muuza kahawa aliyepanga chumba mlango wa pili na Stara, mtu asiyejua kuzungukazunguka maneno. Akasema yule mama ana siku ya tatu hajatoka. Akipelekewa chakula hali mpaka aambiwe afanye nini ili akilipie, na sasa hata kukaa anashindwa. Akamwambia Sostenes kwamba akitaka kumzika aje na jembe, na akitaka kumponya aje sasa hivi.

Sostenes akajitwika sanduku la dawa, akamfuata. Chumba kilikuwa safi, hilo lilimshangaza, ila harufu ya mguu ilikupokea mlangoni. Alipoufunua aliona weupe wa mfupa mahali padogo kama kucha. Alijua maana yake. Wiki moja zaidi ingebidi mguu ukatwe, na pale Dodoma hakukuwa na mtu wa kumkatia mwanamke asiye na kipande. Akaanza kutoa chupa zake haraka haraka. Stara akamshika mkono.

Kwanza alimtuma Athuman ampe kile kibuyu kilichotundikwa ukutani. Akaibandua nta kwa meno, akatoa karatasi, akamkabidhi Sostenes aisome. Yeye kusoma hajui, alisema, lakini kilichoandikwa anakijua. Sostenes akasoma kwa sauti kwamba mwanamke huyu Stara ni huru na hakuna mtu mwenye haki juu yake. Stara akaitika kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesikiliza dua. Kisha akamsimulia habari ya ndui, na uji, na ile miaka kumi na mmoja. Alisimulia kwa kifupi, bila kumlaumu mtu.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema. "Ukiniponya bure, mimi ni wa nani?"

Sostenes alikuwa amejifunza majina ya dawa kwa Kijerumani, amejifunza kupima homa, na kumbe mama huyu alikuwa akimwuliza jambo ambalo baba yake angelijibu hata kabla ya kukaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamweleza kwamba amekatazwa kupokea kitu. Akasema labda atoe chochote atakapopona, kimyakimya. Stara akakataa palepale. Deni hataki, kwa sababu deni ndio mlango walioingilia wale wa Kilimatinde. Atatoa leo au ataoza. Na akawa hana cha kutoa: mtungi, sufuria ya kufulia, kanga mbili, na karatasi ile.

Nje upepo wa vumbi ulikuwa unavuma, ule wa kiangazi cha huku kwetu usiochoka. Stara, ambaye alikuwa anakufa, macho yake yakaangukia vitambaa vilivyo ndani ya sanduku. Vilikuwa vya kijivu, vina mabaka ya damu ya zamani, vimekauka kama ngozi ya mbuzi.

Akauliza, "Hivi kavifua nani?"

"Mimi, mama."

"Nilijua."

Haki ya Mungu, hata Athuman alicheka. Stara hakucheka. Alimwuliza Sostenes kama huvichemsha, akajibiwa mara mojamoja, kuni zikiwapo. Akamwuliza huvianika wapi, akajibiwa juu ya paa la tembe. Juu ya paa, penye kuku na vumbi! Stara akasonya, akajiinua kwa kiwiko. Akatoa sharti lake: atafua vitambaa vyote vya nyumba ya dawa kila siku, atavichemsha, atavianika kwa namna yake, na akishamaliza ndipo mguu wake uguswe. Siku asiyofua asifungwe. Siku atakayopona, hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa kazi ikawa kwa Sostenes. Je, kufua ni kitu? Sheria ilitaja yai, haikutaja jasho, lakini hakuwa mjinga kiasi cha kujidanganya. Alijua Bibi akikuta mgonjwa anafanya kazi ndipo atibiwe, atasema amewatoza maskini. Alikuwa na mke na watoto watatu, na ile kanzu nyeupe ndiyo iliyowalisha. Akautazama ule weupe wa mfupa. Akasema, "Tumeelewana, mama."

Akataka amfunge kwanza, kwa leo tu. Stara akamwuliza kama ameelewa au hajaelewa. Basi wakambeba na kitanda chake, Athuman kichwani, Sostenes miguuni, wakapita sokoni watu wakidhani ni maiti, wakamtua nyuma ya tembe karibu na mafiga. Akafua akiwa ameketi, mguu umenyooshwa, jasho la homa linamtiririka. Alifua vitambaa sita tu siku ile. Alipomaliza cha sita akaegemea ukuta, akanyoosha mguu mbele ya Sostenes, akamwambia haya, fanya kazi yako.

Siku za kwanza Sostenes alikuwa hana hakika kama anamponya au anamwua. Lakini siku ya nane homa ilikatika. Wiki ya tatu mfupa ulifunikwa. Na jambo jingine likatokea ambalo hakulitarajia: vidonda vya watu wengine navyo vikaanza kufunga upesi kuliko zamani, kwa kuwa sasa vilifungwa vitambaa vilivyochemshwa kwelikweli, vyeupe, vilivyokaushwa kwenye kamba ndani ya ua na kukunjwa bila kuguswa na kuku. Stara alikuwa mkali. Mtu akishika kitambaa chake kwa mkono mchafu alisemwa mpaka anaomba radhi.

Wagonjwa wakaona. Mtu anayefua nje, kila anayekaa kwenye benchi anamwona, na habari ikaenea kwamba pale sasa mtu anaweza kutoa kitu. Yule mzee mfugaji wa jicho akarudi, akauliza yeye atafanya nini, maana kufua si kazi yake. Stara ndiye aliyemjibu, akamtuma kuni. Mpagazi anayeumwa kifua akaleta maji. Mjane mmoja kutoka upande wa Kolo akalisiliba paa lililokuwa linavuja. Walifanya kidogo, kila mtu kwa nguvu zake, na waliokuwa hoi hawakuombwa kitu mpaka waombe wenyewe. Vitambaa havikuonekana tena miibani. Sostenes alimshukuru Mungu kwa kila uso uliorudi, na kila alipolisikia gari moshi alitoka nje kutazama kama Bibi ameshuka.

Bibi alikuwa amekawia kwa homa yake mwenyewe. Alipokuja, alikuta benchi limejaa, kuni zimepangwa, na mwanamke ameketi mbele ya sufuria inayotokota. Akauliza. Sostenes akamweleza yote bila kuficha, amesimama wima kama askari anayengoja adhabu. Bibi akaenda kwenye kamba. Akakichukua kitambaa kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakinusa. Akapiga magoti akauangalia mguu wa Stara, ile nyama mpya nyekundu. Alikuwa mkali lakini hakuwa mpumbavu. Mwisho akatamka, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, kwamba kazi hii ni nzuri mno kufanywa hivihivi, na kuanzia leo huyu mama atalipwa mshahara.

Stara akaweka kitambaa chini. "Ukinilipa, Bibi, dawa yangu imerudi kuwa ya bure," akasema. "Utakuwa umenirudisha palepale."

Ilibidi Sostenes aeleze mara mbili. Bibi alikaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafikiri. Kisha akasema iwe kama mama atakavyo mpaka apone, na habari ya mshahara izungumzwe siku hiyo kama mwenyewe atapenda. Ila yai bado marufuku. Alilishikilia sana lile yai, yule Bibi, lakini tumpe haki yake: siku ile alisikia alichoambiwa.

Mguu ulichukua miezi mitatu. Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua, Stara akiwa amekwisha kufua na kuanika, Sostenes aliufungua, akaubonyeza muundi juu na chini, akamtazama usoni. Ngozi ilikuwa imefunga yote. Akamwambia, "Umepona, mama. Leo sikufungi."

"Kwa hiyo tumemalizana?"

"Tumemalizana."

Stara akainuka. Hakuaga mtu. Akapita mbele ya benchi, akatoka uani, akashika njia ya kwenda kwenye reli, akitembea taratibu, mgongo wima, bila kugeuka. Sostenes alisimama mlangoni akimtazama. Ndipo akaona kanga. Stara alikuwa ameifua asubuhi ile pamoja na vitambaa, ilikuwa ingali kwenye kamba, na alikuwa ameisahau.

Sostenes akafungua kinywa amwite. Lilikuwa jambo la kawaida, jambo la jirani kwa jirani: mama, umesahau kanga yako. Lakini alimwona yule mwanamke anavyotembea, mabega yamekaza, kila hatua akiisikilizia nyuma yake, akafahamu kwamba anangoja kuitwa arudi, kama alivyozuiwa kule Kilimatinde. Akakifumba kinywa kwa kiganja. Mpagazi mmoja kwenye benchi naye akaiona kanga, akavuta pumzi apige kelele, na Sostenes akamrukia akamziba mdomo, mgonjwa wa kifua yule, mpaka wengine wakashangaa bwana dawa amepatwa na nini.

Stara akafika relini. Akasimama juu ya mataruma. Akangoja, muda ambao Sostenes aliuona ni mrefu kuliko ile miezi mitatu yote. Hakuna aliyemwita. Ndipo akageuka, peke yake, akarudi kwa mwendo ule ule, akaja kusimama mbele ya mlango, uso wote umelowa machozi na hana haja ya kuyafuta.

Katika ile nyumba ya Kilimatinde alikuwa akidaiwa ahsante asubuhi na jioni, kwa uji na kwa chumvi, na siku aliyotoka aliapa kwamba neno hilo hatalitamka tena. Hata Athuman hakuwahi kulisikia kwake.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ahsante sana. Nimefika mpaka kwenye reli, na hukuniita."

Sostenes naye alikuwa analia sasa, mtu mzima na kanzu yake. Stara akaichukua kanga yake kambani, akajifunga kiunoni, akaketi mbele ya sufuria. Kisha akauliza kama yule Bibi bado anatoa mshahara.